Nimerudi kundini mara ya tatu, naogopa kusogea Mezani

Dereva_Makambako:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni dereva wa lori, mwaka wa kumi na tisa sasa, njia ya Dar es Salaam, Tunduma, Zambia hadi Lubumbashi. Nyumbani ni Makambako. Nitaandika wazi kwa sababu humu hamnijui sura.

Foleni ya mpakani ikishika, Tunduma unalala siku nne, tano. Hapo ndipo nilipopata nyumba ndogo. Mke wangu akajua, nikatengwa kanisani, nikatubu, nikarudi kundini. Baada ya miaka miwili nikarudia. Nikatubu tena. Mara ya tatu nilihamia huko kabisa, miezi kumi na minne. Mshahara ukawa unaishia huko, na ada za watoto akazilipa mke wangu kwa kuuza viazi mviringo barabarani.

Mwezi wa pili nimerudi. Nilifika saa tatu usiku na begi moja. Mke wangu hakupiga kelele. Alibandika maji, akanipelekea ndoo bafuni, kipande cha sabuni juu ya kifuniko. Kisha akatandika godoro sebuleni, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ndani. Mpaka leo nalala hapo sebuleni.

Jumapili iliyopita nimepokelewa kundini, mchungaji amenishika mkono mbele ya washarika wote. Lakini ilipofika Chakula cha Bwana nikabaki kwenye benchi. Miguu haikuinuka. Nje, mzee mmoja akaniambia, "Ujue hata Mungu huchoka." Ni kweli hayo? Mtu aliyetubu mara tatu, na mbili za kwanza akazivunja, anasogea Mezani kwa uso gani?

Mtumishi_J:
Ndugu, 2 Timotheo 2:13: "Kama sisi hatuamini, yeye hudumu wa kuaminiwa. Kwa maana hawezi kujikana mwenyewe." Jumapili ijayo simama uende. Usimsikilize huyo mzee.

Mama_Mwinjilisti:
Mwanangu, nilikusoma jana usiku nikashindwa kulala. Marehemu mume wangu alikuwa mwinjilisti, na kitabu cha Hosea alikifundisha mpaka kurasa zikalegea. Acha nikupe nilichokipata kwake na nilichokiona mwenyewe.

Huyo mzee hajatunga kitu. Hosea, nabii ambaye mke wake alitoka nje ya ndoa, aliambiwa na Mungu amwite binti yake Lo-ruhama, yaani asiyehurumiwa, na mvulana aliyefuata Lo-ami, yaani si watu wangu. Fikiria kusimama uani jioni umwite mtoto aje kula kwa jina hilo! Hasira ya Mungu imo, na mwaka 722 kabla ya Kristo Samaria, mji mkuu wa Israeli, iliangukia mikononi mwa Waashuri. Lakini mzee ameishia njiani. Fika sura ya 11. Hapo Mungu anasema kama mzazi aliyemfundisha mtoto kutembea, na anapofika mahali pa kumwacha, anashindwa: nikuache jinsi gani, Efraimu, yaani Israeli? Na sababu anaitoa mwenyewe: "mimi ni Mungu, wala si mwanadamu." Kwa hiyo kuchoka kwa mzee wako ni kwa mwanadamu.

Sasa sura ya 3, ambayo wengi huipita mbio. Hosea anamkomboa mke wake kwa vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Homeri ni mzigo wa punda. Katika Kutoka 21 fidia ya mtumwa ni shekeli 30 za fedha. Mimi naona mtu ambaye fedha zimemwishia katikati, akajazia nafaka, tena shayiri, chakula cha maskini. Nimewaona wazazi wakilipa ada hivyo, noti chache na magunia mawili ya mahindi. Ukilipa hivyo ujue umekwangua kihenge mpaka chini. Huo si upendo wa kufumba macho, mwanangu. Anajua anamnunua nani.

Halafu mstari wa 3: utakaa kwangu siku nyingi, hutakuwa na mwanamume, nami nitakuwa hivyo kwako. Amerudi nyumbani, lakini chumbani bado. Godoro lako la sebuleni limo kwenye Biblia.

Tena tusemapo "fadhili" tunafikiri hisani, mtu akipenda anakupa, asipopenda anakunyima. Zaburi 136 ina mistari 26, na kila mmoja unaishia kwamba fadhili zake ni za milele. Kwa Kiebrania ni *hesed*, uaminifu wa aliyefunga agano na hatoki. Unashikiliwa na agano lake; kiapo chako kingekuwa ndicho kinachokushikilia, ungeshaanguka zamani. Petro aliula mkate ule usiku ule ule, na Yesu akamwambia palepale mezani kwamba kabla jogoo hajawika atamkana mara tatu. Hakumwondolea mkate.

Niliyeachwa:
Mama, nimelia. Ila naomba tusimsahau mkewe. Mimi pia nilihubiriwa Hosea, ili nimpokee mwanamume aliyekuwa akinipiga. Nikampokea, nikavunjwa mkono. Kaka dereva, Mungu amekusamehe, naamini. Lakini huo mlango wa chumbani usiubishe kwa Biblia. Na je, umepima? Miezi kumi na minne Tunduma, nenda kapime kabla hujamwomba mkeo chochote.

Mama_Mwinjilisti:
Asante sana binti yangu, na pole kwa mkono huo. Ni neno nililopaswa kulianza mimi. Kitabu kile hakikuandikwa ili wake waamriwe. Aliyeumizwa mle ni Mungu, naye ameeleza maumivu yake mwenyewe. Wewe dereva usijiweke nafasi ya Hosea hata siku moja. Wewe ni yule aliyenunuliwa. Kazi yako ni zile siku nyingi.

Dereva_Makambako:
Shikamoo mama. Dada, asante kwa kunisema.

Jumanne tulikwenda kupima, mimi na mke wangu. Tulikaa kiti kimoja cha daladala, hatukusemeshana. Majibu ni salama wote wawili, tumeambiwa turudie baada ya miezi mitatu. Alipotoka pale alishika ukuta kwanza, ndipo akatembea. Sikujua alikuwa amebeba hofu hiyo tangu usiku wa ile ndoo.

Nimemwomba bosi anitoe njia ya Tunduma. Kuanzia mwezi ujao nitapakia mbolea, Makambako hadi Songea. Posho ni ndogo, lakini nitakuwa nyumbani kila baada ya siku mbili. Sikumwambia mke wangu kama zawadi, nimemwonyesha tu karatasi. Akaisoma, akaiweka chini ya redio.

Meza ya Bwana ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nitasogea.

Binti yangu mdogo tangu nirudi hajaniita jina lolote. Akitumwa kwangu husimama mlangoni, anasema, "Chakula tayari," anakwenda. Leo asubuhi nilikuwa nakunja godoro, akasimama palepale mlangoni, akasema, "Baba, uji unapoa."