Einstein alishindwa kweli na Bohr, au tunamwonea?

MLETA MADA
Wakuu, ikitajwa fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno kama atomu na chembe za mwanga, hakosekani wa kutamba kwamba Einstein alichemka mbele ya Niels Bohr, mtetezi mkuu wa kwanta. Eti alimwandikia mwanafizikia mwenzake Max Born mwaka 1926 kuwa Mungu hachezi dadu, yaani dunia haiendi kwa bahati nasibu, halafu Nobel ya fizikia ya 2022, ya majaribio ya chembe pacha, ikamuumbua. Mimi nakataa.

Chukua jozi ya ndala. Funga moja mfukoni iende Mwanza, nyingine Mtwara, bila kuchungulia. Wa Mwanza akikuta ya kushoto, anajua papo hapo ya Mtwara ni ya kulia. Uchawi uko wapi? Ilikuwa ya kulia tangu inafungwa. Ndivyo Einstein, Podolsky na Rosen walivyotaka chembe pacha, zile zinazotoka pamoja kisha kutengana, zieleweke mwaka 1935. Bohr akang'ang'ana kwamba kabla ya kupima huwezi hata kusema ni ya upande gani. Jamani!

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, mfano mtamu ila umegota 1935. Ndala unaiuliza swali moja tu. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, unaiuliza kwa kichujio kilichogeuzwa pembe tofauti, na kila upande unajichagulia pembe yake. John Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba kama majibu yalishafungwa mfukoni, na mifuko haipigiani simu, kulingana kwa majibu hayo kuna kikomo. Kwa hesabu iliyoboreshwa 1969, inayojumlisha kulingana huko kuwa namba moja, kikomo ni 2. Kwanta inatabiri hadi 2.83 hivi. Clauser na Freedman walipima maabara 1972, Aspect akafuata 1982. Kikomo kilivukwa, na Clauser mwenyewe alikuwa upande wa Einstein!

MCHANGIAJI WA PILI
Taratibu. Kilichoanguka ni mambo mawili yakiwa pamoja: majibu kuwa tayari mfukoni, na mifuko kutosikilizana. Mwanafizikia David Bohm, mwaka 1952, alishika la kwanza akaachia la pili. Kwake chembe ina mahali pake muda wote, hakuna dadu, ila yanayofanyika mbali huigusa papo hapo. Maabara hutoa namba zilezile. Kwa hiyo la dadu bado bichi, halijaamuliwa.

MLETA MADA
Hapo umenipata. La umbali Einstein alikosea, nakubali. La dadu sibanduki. Na bila ubishi wake wa 1935, Bell angeanzia wapi?

MCHANGIAJI WA PILI
Sawa, ila usimsajili timu ya Bohm. Mwaka huohuo wa 1952 Einstein alimwambia Born kuwa njia ile ya Bohm anaiona rahisi mno.