Neti ya miaka mitatu: tunazichana sisi, au hazifiki?

Wakuu, salaam. Kwenye mkutano wa mtaa huku kwetu Igombe, Mwanza, mgeni mmoja alisimama akasema neti za mbu zinaisha mapema kwa sababu sisi watu wa mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, tunaanikia dagaa. Watu wakacheka, mkutano ukaendelea. Mimi lilinikaa rohoni. Naleta mjadala: kosa ni letu, au neti yenyewe haifiki hiyo miaka mitatu tunayoambiwa?

Msimamo wangu: haifiki. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kufuliwa mara 20 na kutumika miaka 3. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia neti za aina tatu kwenye nyumba za Watanzania, ulikuta nusu ya neti zimekwisha kati ya miaka 2 na 2.6, kutegemea aina.

Njooni muone yangu. Tundu la kwanza lilitokea pale inapochomekwa chini ya godoro, msumari wa kitanda uliikamata. Panya wakatafuna pindo. Mke wangu akashona kwa uzi mweusi, ikachanika pembeni ya mshono. Wanaopima wana hesabu yao: tundu moja la kupitisha kichwa, jumlisha matatu ya kupitisha kidole gumba, neti hiyo imekwisha. Yangu ilifika hapo ikiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Haijawahi kugusa dagaa hata siku moja.

Mchangiaji, Ukerewe: Mkuu, na upande wa pili usemwe. Neti mpya kabisa nimeziona asubuhi zimetandazwa mchangani kuanikia dagaa, lebo bado ipo. Mwenye nazo alikuwa na neti tano kwa vitanda vitatu. Mtoto wa jirani yake alilala bila.

Mama wa Kirumba: Mnasahau kufua. Neti inataka sabuni isiyo kali, maji ya baridi, na kuanikwa kivulini. Mimi nilikuwa nafua kwa sabuni ya unga, nimeloweka usiku kucha, naitandaza juu ya mawe jua likiwaka, nikijua ndio usafi. Siku ya kukabidhiwa hakuna aliyenifungua masikio. Halafu watoto wanne kitanda kimoja, huyu anatoka kwenda kukojoa, yule anavuta. Kitambaa gani kitahimili?

Mwanzisha mada: Asante mama, hilo la kufua lingesemwa siku ile ile ya kugawa.

Wa Ukerewe, sibishi, yapo. Lakini nyingi ninazoziona huku mchangani ni zilizochoka, zimeshashuka kitandani. Na angalia wilaya ya Misungwi hapo jirani: neti ziligawiwa Januari 2019, na baada ya miaka 2 watoto wakapimwa. Penye neti ya kawaida, yenye pairethroidi peke yake, ile dawa ya zamani ya kuua mbu, asilimia 45.8 walikuwa na malaria. Penye neti iliyoongezwa klofenapiri, dawa mpya ya kuua mbu, asilimia 25.6. Mbu wetu wameshaizoea dawa ya zamani, hiyo mpya inawamudu. Ni tofauti kubwa, nami naiunga mkono dawa hiyo kwa moyo wote. Ila dawa haimfikii mbu kama neti haipo juu ya kitanda, na neti yenye tundu la kichwa watu hawaitundiki.

Mjamzito anapewa yake kliniki, mtoto anapewa akienda chanjo ya surua. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini. Yake ikichanika mwaka wa pili, anasubiri mgao ujao au anunue. Ninachotaka ni zahanati iwe na neti mwaka mzima: leta iliyochanika, chukua nzima. Na za mchangani zitapungua pia, maana aliyeigeuza ya kuanikia dagaa atakosa ya kurudisha.

Wa Ukerewe, hapo unapinga nini?