Naomba ushauri: paka wangu bado anatoa minyoo hata baada ya dawa

Habari zenu wanajamii. Nina paka jike wa miaka 2, mwenye uzito wa kilo 3.5, ambaye kwa mwezi mmoja sasa huacha vipande vyeupe mahali anapolala. Vikiwa vibichi hujinyonganyonga, na vikikauka hugeuka rangi ya manjano na kuwa vigumu mfano wa ufuta. Nilimpa pairanteli mara 2, kwa kupisha wiki 2, nikidhani dawa ya minyoo ni dawa ya minyoo, kumbe hiyo huua minyoo ya mviringo na ya safura, ilhali vipande hivi ni vya tegu. Anakula vizuri wala haharishi, ila nikimchana manyoya naona viroboto, ambao ndio hubeba mabuu ya tegu na kumwambukiza paka anapowameza akijilamba.

Naomba kuuliza: je, nimpe prazikwanteli (dawa ya kuua tegu) sasa, au nianze kwa kuwamaliza viroboto mwilini na kwenye matandiko yake? Na kwa kuwa nashuku ana mimba, je, kuna tahadhari gani? Nitashukuru kwa majibu, hasa ya madaktari wa mifugo.