Nimelipa laki tatu na nusu nisomee mtihani wa saluni, kumbe nakaririshwa mtihani wa Marekani!!

Habari za mda huu wakuu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na zile za "kozi gani ina ajira", huu ni wa hasira na nataka ukae peke yake.

Mi ni msusi, niko Kigoma mjini huku mwisho wa reli, nina miaka tisa nasuka. Nimeanzia barazani kwa shangazi yangu Ujiji, tunakaa mkekani mteja chini sisi juu, mpaka leo nina kifremu changu Mwanga, viti viwili na draya moja. Wateja wangu ni wamama wa Kibirizi wa dagaa, walimu, wanafunzi wakifunga shule, na Wakongo wakivuka ziwa kuja kuchukua mzigo, na hao Wakongo kwa nywele msiwachezee, anakaa kitini anakwambia mistari mingapi anataka na anaihesabu kwenye kioo. Rasta, twende kilioni, nyuzi, dawa, retachi, kope, vyote nafanya. Kasoro karatasi.

Mwaka jana kuna saluni ya hoteli moja Dar walikuwa wanatafuta msusi, nikawatumia picha za kazi zangu, wakajibu vizuri tu, dada kazi tumeipenda tuma cheti. Ile meseji niliiangalia siku nzima. Nitume cheti gani, cha ubatizo?

Ndo nikajiunga na kachuo kamoja hapa mjini, jina silitaji na msiniulize inbox. Mwenyewe tunamwita Madam. Laki tatu na nusu ada, elfu hamsini ya mtihani, elfu ishirini na tano ya kitini (yale makaratasi ya kusomea), sare juu yako, kichana juu yako, hata taulo unakuja nalo. Darasani saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, yani ule mda wateja ndo wanaanza kutoka makwao mimi nafunga fremu. Miezi mitano hiyo. Pigeni hesabu wenyewe nimepoteza vichwa vingapi.

Sasa hicho kitini ndo kimenileta humu.

Kitini ni maswali 1,100 ya kuchagua a, b, c, d, yote Kiingereza, yametolewa kopi mpaka herufi zingine zimekufa. Madam akatwambia haya ndo yenyewe, ukiyameza haya mtihani umepita, msihangaike na kitu kingine. Tukameza. Mi nilikuwa nakariri nikiwa namsuka mtu, nimekibandika kitini ukutani pembeni ya kioo, mteja akiuliza dada unaongea na nani namwambia tulia usitikise kichwa.

Swali la kwanza kunishtua lilikuwa la leseni. Linauliza ukishamaliza masaa yako ya mafunzo unaomba leseni wapi, jibu ni bodi ya jimbo. Nikasimama nikamuuliza Madam, samahani Madam, bodi ya jimbo ndo ipi, maana mi jimbo ninalolijua ni hili la Kigoma Mjini tunalopigia kura. Akafikiria kidogo akasema iko Dodoma. Darasa zima tukaandika, Dodoma. Wakuu nimeandika kwa peni nyekundu na nikapigia mstari!!

Likaja la dawa ya kuloweka vifaa, eti iwe imesajiliwa na EPA. Jamani, EPA ninayoijua mimi ni ile kashfa ya Benki Kuu ya bilioni 133, sasa hao jamaa wanasajili dawa ya kulowekea vichana tangu lini? Mwenzangu mmoja wa Kasulu akasema labda ile hela ndo ilifungua kiwanda. Tulicheka lakini jibu tukakariri. La OSHA ndo likatumaliza kabisa kwa sababu OSHA na sisi tunayo, ipo, inashughulika na usalama kazini, kwahiyo tukajua haa kumbe maswali ni ya hapahapa. Kumbe wao wana OSHA yao na sisi yetu, majina yamegongana tu kama kina Juma.

Kilichonifungua macho ni mdogo wangu, yuko chuo Dodoma (alivyokuja likizo nikamuuliza bodi ya jimbo iko mtaa gani, alicheka mpaka akakaa chini). Akachukua kitini akasoma kurasa kama tatu akanambia dada hii ni mitihani ya Marekani, kule kila jimbo lina bodi yake ya urembo na kila jimbo lina masaa yake. Akaingia kwenye simu akanionyesha. California walikuwa wanadai masaa 1,600, sheria mpya ikaanza Januari 2022 wakashusha mpaka 1,000, na kwenye mtihani wakafuta vitendo, unafanya wa maandishi tu. Sa si ndo maana maswali ni mengi hivo! Wao wa California wanapimwa kwa kalamu. Mimi nimeongea na dada aliyefanya mtihani wa ufundi huku kwetu mwaka juzi, anasema alisimamishwa mbele ya kichwa cha mtu mzima anayehema, msimamizi kashika karatasi anaweka tiki, umenawa mikono, umemfunika mteja, umegawa nywele mafungu manne, umepaka mafuta pembeni kabla ya dawa. Hakuulizwa habari ya EPA hata kidogo (kumbe EPA ya kwenye kitini ni mamlaka ya mazingira ya Marekani).

Na vitendo chuoni kwetu vikoje? Tuko kumi na sita, vile vichwa vya plastiki viko viwili. Nywele zake za njano, zimenyooka, na kimoja kina upara upande wa kushoto kwa kuvutwa na waliotangulia. Hebu jaribu kusuka twende kilioni kwenye zile nywele, zinateleza kama mgebuka umetoka majini sa hizi. Mstari ukiufunga huku kule ushafumuka. Af Madam anakwambia mkono wako mzito. Mkono wangu mzito? Huu mkono umelipa kodi ya fremu miaka sita.

Kitini kizima habari za nywele kama zetu ni kurasa mbili. Mbili! Zilizobaki ni nywele za maji za kuzungusha rola, rangi namba ngapi juu ya namba ngapi, na joto wameandika kwa kipimo chao, mashine ya kuchemshia vifaa eti 250, nikashangaa ni jiko la mkaa au, kumbe ni nyuzi 121 za kwetu. Na mdogo wangu kanionyesha New York yenyewe sheria ya kulazimisha vyuo vifundishe nywele za aina zote pamoja na hizi zetu imesainiwa 2023 juzi tu hapa. Kwahiyo huko zilikotoka hizo kopi wenyewe wameshaona kuna kasoro, sisi ndo kwanza tunakopishwa kwa elfu ishirini na tano.

Sasa kabla hamjaja na zile "nyie wasusi hamtaki kusoma", tulieni. Nadharia siichukii. Nadharia imenitoa machozi, nawaambia ukweli. 2018 nilimuunguza bibi harusi. Alikuja asubuhi kaosha nywele, kajikuna usiku kucha kwa mba, mi nikampaka dawa, dakika sita tu akaanza kulia, pembeni ya masikio pakatoka malengelenge na ndoa ni jioni. Miaka yote nikawa nalaumu dukani kwamba waliniuzia dawa feki. Nakuja kusoma pH (kile kipimo cha tindikali na alikali, namba ikipanda alikali inazidi) ndo naelewa. Nywele na ngozi ya kichwa ziko kama 4.5 mpaka 5.5, dawa za kunyoosha zile kali zinafika 12 na kupita, na kila namba moja ukipanda ni mara kumi, kwahiyo kutoka 5 kwenda 12 ni mara milioni kumi. Milioni kumi jamani, juu ya kichwa kilichooshwa mafuta yake yote yakatoka na kimekwanguliwa kwa kucha! Ile dawa haikuwa feki, ilikuwa nzima kabisa. Ningelijua hilo 2018 ningemrudisha nyumbani, nimwambie njoo keshokutwa, au nimsuke tu.

Na nimeelewa kwanini mteja akishawekwa dawa ya kukunja kwa mwingine ukamrudishia hii ya kunyoosha yenye sodiamu nywele zinakatika kama tambi kavu, maana zile dawa mbili hazipatani. Hivo ndo vitu nataka kufundishwa. Lakini Madam hapo kwenye pH alipita kwa dakika kumi akasema "hii ni kemia, kariri tu jibu ni c". Mi nimeielewa kwa video usiku kwa bando langu.

Lugha nayo. Kuna swali la mapunye. Nani humu hajui mapunye? Shule ya msingi tumenyolewa vipara kwa sababu ya mapunye. Lakini kwenye kitini imeandikwa ringiwomu, sababu yake ni nini, darasa zima tukajibu mnyoo, si wameandika womu? Kumbe ni fangasi. Sasa hapo nimefeli mapunye au nimefeli Kiingereza? Ungeniuliza kwa Kiswahili ningekujibu mpaka kwamba yanaambukiza kwa kichana na taulo na mashine ya kunyolea, na kwamba mtoto mwenye mapunye humsuki unampeleka kituo cha afya. Au neno besi, saluni zote besi ni yale mafuta unapaka pembeni dawa isiunguze, kwenye kitini besi ikaja ni kile kitu chenye pH ya juu, yani ni hiyohiyo dawa inayounguza. Neno moja, moja linakulinda lingine linakuchoma, na Madam hakutofautisha.

Na usafi tunaosomeshwa kwenye karatasi kwamba vifaa viloweke vyote vizame dakika kumi, pale chuoni sijawahi kuona hata beseni. Mkasi unatoka kichwa kimoja kwenda kingine, wembe wa nyusi niliuona kwa macho yangu umetumika kwa wasichana wawili, nikauliza, nikaambiwa si mko darasa moja nyie. Homa ya ini inauliza kama mko darasa moja??

Wiki iliyopita nikamfata Madam ofisini kwa heshima zote, shikamoo Madam, nikamweka kitini mezani na simu pembeni, nikamwambia Madam haya maswali ni ya Marekani. Hakukataa hata. Akanambia "mwanangu nywele ni nywele, na Kiingereza ni kilekile". Nikaomba basi angalau hela ya kitini inirudie, akanambia imeshatumika kutolea kopi. Ndo nikatoka pale natetemeka.

Kilichoniuma zaidi, jana mteja wangu mmoja mwalimu kanambia VETA kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi, RPL wanaita, kwa sisi tuliojifunzia mtaani. Wanakupima unachokijua, pengo lilipo unapigwa msasa wa mda mfupi, unapata cheti. Kwahiyo miaka yangu tisa ingehesabika! Siku ya kwanza najiandikisha Madam aliniuliza uzoefu, nikamwambia miaka tisa, akaandika kwenye fomu kabisa, akanyamaza, akachukua laki tatu na nusu.

Naomba mtu aliyepitia huo utaratibu upande wa saluni, awe Kigoma au hata Tabora, anielekeze alianzia dirisha gani na alilipa ngapi. Na kama kuna mwenye maswali ya kweli ya huku kwetu anitumie, mtihani una wiki tatu na elfu hamsini yangu ishaenda.

EDIT: Nyie mnaosema "suka tu dada cheti cha nini", someni tena pale kwenye hoteli.

EDIT 2: Aliyesema ni Madam wa Tabora anamjua, hapana mkuu, huyu ni wa hapahapa. Lakini kama na huko yupo mwingine mwenye kitini hichohicho basi hizi kopi zinasafiri na treni.

EDIT 3: Anayeuliza kama bado naenda darasani, ndio naenda, nimelipa. Leo zamu yangu kile kichwa chenye upara. Mteja wa rasta ndogo kafika kakaa anasubiri, nitarudi usiku kuwajibu, bando lenyewe la masaa 24.