Upepo wa baharini Unguja na Pemba: hesabu inakaa?

Mpwani_Kusini
Assalaam aleikum wadau. Umeme wetu mkubwa wote unavuka bahari: Unguja kwa waya wa kilovolti 132 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba kwa ule wa kilovolti 33 kutoka Tanga. Waya wa zamani wa Unguja ulipokufa Disemba 2009, kisiwa kilikaa kiza hadi Machi 2010. Kusi na kaskazi tunavyo bure. Wastani wa dunia wa yuniti ya upepo wa baharini mwaka 2023 ulikuwa kama senti 7.5 za dola. Tukiweka megawati 30 mashariki ya Unguja au karibu na Pemba, tutaipata bei hiyo? Nataka tarakimu, siasa tuziweke kando.

Hesabu_Kwanza
Waaleikum salaam sheikh. Huipati, na sababu ya kwanza ni udogo. Wastani ule unabebwa na mashamba kama Hornsea 2 ya Uingereza: mitambo 165, megawati zaidi ya 1,300. Meli ya kusimamishia mitambo, ile inayoteremsha miguu hadi chini ikajinyanyua juu ya maji, hukodiwa kwa zaidi ya dola laki moja kwa siku. Gharama ya kuileta kutoka Ulaya au Asia ni ileile, uwe na mitambo 4 au 100.

Tufanye makisio. Chukua dola 4,000 kwa kilowati (wastani wa dunia 2023 ni 2,800, na 4,000 kwa mradi mdogo bado ni kuupendelea). Megawati 30 ni dola milioni 120. Mitambo ikitoa asilimia 30 ya uwezo wake, unapata yuniti milioni 78.8 kwa mwaka. Mkopo wa miaka 25 kwa riba ya asilimia 10 unadai milioni 13.2 kila mwaka, ongeza milioni 3 za matengenezo. Gawanya: senti 20.6 kwa yuniti. Shusha riba iwe 6, inakuwa 15.7. Karibu senti 5 zimeondoka na hujagusa hata boliti moja. Anayesema "upepo ni bure" muulize kwanza mkopo wake una riba gani.

Kina_Kirefu
Hapo umemuachia bahari nyepesi. Nguzo ya chuma inayopigiliwa chini ina maana hadi mita 50 au 60 za maji. Mashariki ya Unguja ukishavuka mwamba, chini kunaporomoka haraka. Mkondo wa Pemba unafika kama mita 800. Kilichobaki ni mitambo inayoelea. Hywind Tampen ya Norway inaelea kwenye maji ya mita 260 hadi 300, kwa hiyo ufundi upo, ila bei yake ni ya juu kuliko hiyo 4,000. Tena haina fundi wa kupanda na spana tu: mitambo 5 ya Hywind Scotland ilibidi ivutwe mwaka 2024 hadi bandarini Norway kwa matengenezo makubwa. Sisi bandari yenye kina na krini ya kazi hiyo tuitoe wapi?

Maji mafupi yako magharibi, kati ya Unguja na bara. Huko ndiko zinakopita nyaya za umeme na boti za Dar, na kusi linafika likiwa limeshakatwa na kisiwa.

Fundi_wa_Nyaya
Nyaya ndizo zinazokula bima za miradi hii. Kwenye mchanga au tope unaufukia waya mita 1 hadi 2. Kwenye mwamba wa matumbawe jembe la kufukia halipiti, kwa hiyo unauvisha magamba ya chuma cha kumimina au unauwekea mikeka ya zege juu. Usipoufunga imara, mkondo wa maji unausugua kwenye jiwe kila bamvua hadi ganda la nje linatoboka na chumvi inaingia. Mahali pengine panapokufa ni pale unapoacha sakafu ya bahari kupanda kwenye nguzo: maji yanachimba mchanga, waya unaning'inia, unapinda kuliko unavyoruhusiwa. Na nanga, bila shaka.

Halafu gridi. Upepo ukivuma vizuri saa nane za usiku Pemba nzima imelala, megawati 30 zitakwenda wapi? Waya wa kilovolti 33 haukuwekwa kwa kazi hiyo. Kenya, Ziwa Turkana, mitambo 365 ilikuwa tayari 2017, njia ya umeme ikachelewa hadi 2018, na serikali ikalipia umeme usiofika kwa mtu.

Mpwani_Kusini
Nimekuelewa, kaka. Basi tuseme nchi kavu, ukanda wa Makunduchi au Micheweni?

Hesabu_Kwanza
Hapo ndipo pa kuanzia. Mwenga, Mufindi, kuna mitambo 3 ya kilowati 800, jumla megawati 2.4; saizi hiyo gridi ya kisiwa inaimudu. Wastani wa dunia wa nchi kavu 2023 ni senti 3.3, jua 4.4, ingawa kwetu vyote vitapanda kwa riba ileile.

Lakini pima kwanza, mwaka mzima, ili kusi, kaskazi na maleleji yote yaingie. Nguvu ya upepo inakwenda kwa mchemraba wa kasi: mita 9 kwa sekunde ina nguvu mara 3.4 ya mita 6. Ukikosea mita moja tu, mkopo haulipiki. Hewa yetu ya joto nayo ni nyepesi. Ya nyuzi 30 ina uzito pungufu wa asilimia 7 hivi kuliko ya nyuzi 10. Na mtambo uagizwe kwa kuzingatia dhoruba pia, maana kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja.

Mwenye takwimu za saa kwa saa za Makunduchi au Micheweni aziweke hapa, pamoja na urefu wa mlingoti zilikopimwa. Za mita 10 hazitufai kwa mtambo wa mita 80.