Ulinganisho: kitabu cha Karibi nzima, kitabu cha kisiwa kimoja, au simu tu?

Kisauni_Leicester
Waungwana, salaam. Mwezi wa nane naenda Karibi, na wikendi hii nataka kuagiza kitabu cha mwongozo wa safari. Dukani nimeona kile kinene chenye visiwa vyote, pauni ishirini na kitu, na vile vyembamba vya kisiwa kimoja kimoja. Mwenzangu kazini anasema vyote ni kutupa hela, simu inatosha. Mliofika huko mnasemaje? Vitabu hivi vinaaminika?

Mwl_Kigoma
Ndugu, Karibi si kijiji. Kutoka Bahamas mpaka Trinidad ni zaidi ya kilomita 2,000, na katikati hapo kuna Waingereza, Wafaransa, Waholanzi na Wahispania, kila mmoja na sheria alizoziacha. Unaenda kisiwa gani? Kwa ndege au kwa meli ya utalii? Uko na nani? Taja hayo kwanza.

Kisauni_Leicester
Barbados kwanza, halafu Dominica au Martinique, bado sijaamua. Si kwa meli ya utalii.

Shelisheli99
Basi achana na kile kinene. Kurasa za Dominica humo hazijai kiganja. Chukua cha Barbados peke yake. Nilikuwa nacho mimi na kilinifaa sana kwa mabasi. Kilieleza kwamba basi la buluu lenye mstari wa njano ni la serikali, la njano lenye mstari wa buluu ni la watu binafsi, na zile hiace nyeupe zenye mstari mwekundu wa damu ya mzee, namba zake zinaanza na ZR, ndizo daladala zao. Muziki unapasua masikio na konda ananing'inia mlangoni. Nauli tu ndiyo ilikuwa imepitwa: kitabu kiliandika dola 2 za Barbados, nikakuta 3.50. Imepanda tangu 2019.

Mzaramo_Toronto
Hapo umejijibu mwenyewe, mkuu. Kama nauli ni ya uongo, na boti je? Na nyumba za wageni? Simu inakupa bei ya leo.

Dada_Mkunazi
Naomba niliseme hili kwa urefu, maana liliniuma.

Mimi na mume wangu tulizunguka Guadeloupe, Dominica na Martinique mwaka 2018. Kitabu tulikinunua kipya dukani, kimechapwa mwaka uleule, jalada linang'aa. Tukapanga safari nzima kwa jedwali la boti lililokuwa humo. Alfajiri tukafika gatini Pointe-à-Pitre, Guadeloupe, na mabegi yetu. Geti limefungwa. Kwenye kioo cha dirisha la tiketi kumebandikwa karatasi ya Kifaransa, kona moja imebanduka, siku za safari zimebadilishwa kwa kalamu. Boti ya siku ile haipo. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia pale akatuonyesha kwa vidole tuhesabu siku za kungoja. Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa, na hoteli ya karibu ikatutoza hela ambayo kwetu ilikuwa ya siku kadhaa.

Tulipofika Roseau, mji mkuu wa Dominica, hatimaye, tukatafuta nyumba ya wageni iliyosifiwa humo: veranda, bustani, mama mwenye nyumba anayepika supu. Tukakuta ngazi za saruji na bomba la maji lililosimama peke yake. Jirani akasema ni Maria. Kimbunga Maria kilipiga Dominica usiku wa tarehe 18 Septemba 2017, daraja la tano, na karibu hakuna paa lililosalia. Mwandishi alikuwa amepita kabla ya hapo, kitabu kikatoka baadaye. Hakuna ukurasa hata mmoja uliomwambia msomaji hivyo. Kwa hiyo usitazame mwaka wa kuchapwa tu, tafuta mahali wanaposema utafiti ulifanyika lini. Mara nyingi ni mwaka mmoja au miwili nyuma.

Shelisheli99
Pole sana dada. Lakini na intaneti nayo ingekuonyesha picha za ile veranda. Watu hawafuti.

Dada_Mkunazi
Ahsante. Lakini intaneti ina namba ya simu. Ningepiga.

Mzaramo_Toronto
Na ndege hivyohivyo. Vitabu vingi vilivyo kwenye rafu bado vinakuambia visiwa vya mashariki unarukaruka kwa shirika la ndege la LIAT. Ile LIAT ya zamani, iliyoanza 1956, ilisimama Januari 2024. Kukaja mpya, iliyoanza 2024 kama ubia wa serikali ya Antigua na shirika la Air Peace la Nigeria. Ratiba, njia, vyote vingine.

Nahodha_Mstaafu
Vijana, mnaongelea ratiba na nauli kana kwamba safari ni hizo tu. Nimefanya kazi melini, maji hayo nayajua. Kitabu kizuri kinakupa yasiyobadilika, na hayo ndiyo yanayoumiza watu.

Mfano. Ufukweni kuna mti unaitwa manchineel, una matunda madogo ya kijani kama tofaa changa, yananukia vizuri. Tunda lake ni sumu, utomvu wake unababua ngozi. Mvua ikinyesha usijikinge chini yake, matone yanayopita kwenye majani yanatosha kukutoa malengelenge. Sehemu nyingine wanaupaka mkanda mwekundu kwenye shina, sehemu nyingine hakuna alama yoyote. Simu itakuonyesha ufukwe una nyota nne na nusu. Mti haitakuonyesha.

Mfano wa pili, bahari. Barbados upande wa magharibi maji yametulia, mtoto anaogelea. Upande wa mashariki, Bathsheba, ni joshini, Atlantiki inakuja moja kwa moja kutoka Afrika bila kizuizi, mkondo unabeba mtu mzima. Kitabu changu kilieleza hilo kwa aya mbili zilizoandikwa na mtu aliyesimama pale.

Na kisiwa cha Montserrat, mji wa Plymouth. Mji mkuu ule umefukiwa na majivu ya volkano iliyoamka 1995, kuingia ni kwa ruhusa. Kwenye ramani ya simu unaona jina la mji tu. Habari yake unaisoma kitabuni.

Mwl_Kigoma
Nahodha nakuunga mkono, na naongeza nguo. Barbados ni kosa la jinai raia kuvaa mabakamabaka ya kijeshi, hata mtoto, hata begi. Mimi hilo nililijua kutoka kitabuni.

Lakini ndugu Kisauni, bado hujataja pasipoti. Ukiendelea kunyamaza tunakushauri gizani.

Kisauni_Leicester
Samahanini. Pasipoti yangu ya Kenya, kibali cha kuishi ninacho hapa Uingereza. Na mamangu atatoka Mombasa kupitia Nairobi, tukutane Barbados. Ana miaka sabini na mbili. Ni safari yake.

Dada_Mkunazi
Ya mama! Hili ndilo ungeanza nalo ndugu yangu, linabadilisha kila kitu.

Mwl_Kigoma
Linabadilisha kweli. Hivi vitabu vimeandikwa kwa Mwingereza na Mmarekani. Sura ya viza inasema huhitaji, sura ya chanjo inasema si lazima, na hayo ni kweli kwa msomaji waliyemfikiria wao. Mama yako siye.

Kuingia Barbados Mkenya haombi viza, ingawa thibitisha kwa uhamiaji wao kabla ya kulipa. Shida iko njiani. Akipitia Marekani, hata kama hatoki uwanjani, lazima awe na viza ya Marekani. Akipitia London, Mkenya anahitaji viza ya kupita hata asipotoka nje. Anatoka Kenya, kwa hiyo cheti cha homa ya manjano akiweke kwenye pochi, si kwenye sanduku. Kama alichanjwa zamani hana haja ya kurudia, tangu 2016 cheti ni cha maisha. Kama hajachanjwa, kinaanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano.

Na Martinique, kwenu nyote wawili: ni Ufaransa, hela ni yuro, lakini iko nje ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Viza ya Schengen ya kawaida haitoshi, omba inayotaja maeneo ya ng'ambo.

Mzaramo_Toronto
Hilo la Martinique limenifungua macho. Basi ni Dominica. Na mkuu, ukikata tiketi hakikisha ni Dominica, siyo Jamhuri ya Dominika. Mabegi ya watu hupotelea huko.

Shelisheli99
Mwezi wa nane lakini ni msimu wa vimbunga, Juni mosi hadi mwisho wa Novemba. Kimbunga Beryl mwaka 2024 kilipiga Carriacou, kisiwa cha Grenada, tarehe 1 Julai, mapema vile. Kwa mama wa miaka sabini na mbili mimi ningesogeza hadi Februari.

Nahodha_Mstaafu
Barbados iko pembeni kidogo mashariki, vingi huipita.

Shelisheli99
Vingi, siyo vyote. Nani anataka kumweka mama yake kwenye hesabu hiyo?

Kisauni_Leicester
Mama anataka mwezi wa nane kwa sababu ya Crop Over, tamasha lao la mavuno, kilele chake ni Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Aliiona kwenye televisheni zamani na hajaisahau. Anauliza pia chakula, hawezi viungo vikali.

Dada_Mkunazi
Chakula asiogope. Kule Barbados wana cou-cou, unga wa mahindi unaosongwa pamoja na bamia hadi ulainike, unaliwa na samaki wa kuruka kwenye mchuzi. Ataijua ladha kabla hajaambiwa. Na shelisheli zimejaa, wanazichoma nzima kwenye makaa mpaka ganda liwe jeusi.

Shelisheli99
Karibi shelisheli zilipelekwa na Waingereza mwaka 1793 kutoka Tahiti, kulisha watumwa mashambani. Hiyo nayo niliisoma kwenye kitabu cha kisiwa kimoja. Pilipili yao tu ndiyo mama aiombe pembeni.

Mzaramo_Toronto
Mimi bado nasema simu. Pakua ramani kabla ya kuondoka, piga simu kila nyumba ya wageni kwa sauti yako.

Nahodha_Mstaafu
Na betri ikiisha njiani Bathsheba?

Kisauni_Leicester
Nimepiga maktaba ya hapa, wana cha Barbados, toleo la kabla ya korona. Nitakiazima kwa ajili ya miti na bahari na historia. Cha kununua bado sijui. Swali la mwisho kwa leo: kuna aliyemsindikiza mzee kwenye maandamano ya Crop Over? Kuna mahali pa kukaa kivulini, au ni kusimama mchana kutwa?

Mwl_Kigoma
Nina jamaa Bridgetown, nitamuuliza. Wewe wiki hii shughulikia kwanza viza ya mama ya kupitia London.