Mrejesho: lile gemu la mlinzi juu ya mnara nimelipata

Wakuu, habari zenu. Mtakumbuka niliulizia gemu nililocheza utotoni hapa Tanga, Ngamiani, kwenye kompyuta ya zamani ya Commodore 64 aliyokuja nayo baba mdogo kutoka safari zake za meli. Nilichokumbuka ni vilima vya miraba miraba na mlinzi kasimama juu kabisa, anageuka taratibu.

Linaitwa The Sentinel, la mwaka 1986, kazi ya Geoff Crammond. Uliyenitajia, Mungu akuzidishie.

Jana nimelicheza kwenye laptop, kwa programu inayoiga mashine ile. Hukimbii wala hupigi risasi. Wewe ni roboti, umesimama tu, unafyonza nguvu: mti unakupa 1, jiwe 2, roboti 3. Nguvu hizohizo unazitumia kuweka jiwe, juu yake roboti mpya, unahamia humo, kisha unageuka kuufyonza mwili uliouacha kule chini. Hapo ndipo nilipokuwa nikisisimka, na jana nimesisimka vilevile. Unapanda hivyo mpaka uone mraba aliosimama mlinzi, umfyonze na yeye. Akikutangulia kukuona, nguvu zinakatika moja moja, moyo unadunda.

Mandhari, yaani hatua za gemu, ni 10,000, na namba za siri za kuyafungulia zina tarakimu 8. Baba mdogo alikuwa akiziandika kwenye daftari la hesabu, kwa wino wa bluu. Nimempigia simu, daftari analo, kanisomea namba ya mwisho tuliyofikia. Jumamosi nampelekea laptop, tuanzie palepale.